Canter ya zamani inagoma kuingia gia: tuanze wapi kabla ya kushusha giaboksi?

Mleta uzi, Njombe:

Ndugu wadau, salaam. Ninaomba ushauri kuhusu Mitsubishi Canter ya miaka ya tisini, yenye injini ya 4D33 na giaboksi ya gia 5, inayobeba viazi na mbao kati ya Njombe na Makambako na mara mojamoja hushuka hadi Dar es Salaam. Kwa muda sasa gia zimekuwa nzito kuingia. Asubuhi, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, gia namba moja inagoma, na rivasi nikiilazimisha inakwaruza kwa sauti ya kuogofya. Likishaanza kutembea, gia za juu zinaingia vizuri, isipokuwa namba mbili ambayo mpaka niisukume kwa nguvu. Nikikanyaga klachi mara mbili tatu mfululizo, ugumu unapungua kidogo.

Fundi mmoja ameshauri giaboksi ishushwe na ringi zote za sinkromeshi zibadilishwe, na mwingine anasema nisihangaike, ninunue giaboksi iliyotumika. Kabla sijatoa fedha kwa yeyote kati yao, ningependa kujua kama kuna njia ya kuthibitisha ugonjwa ulipo.

Fundi, Mafinga:

Ndugu mleta uzi, giaboksi isiguswe bado. Umesema jambo moja ambalo naona mafundi wako wote wawili wamelipita: ukikanyaga klachi mara mbili tatu, gia inalegea. Giaboksi haijui umekanyaga pedali mara ngapi. Kinachojua ni mfumo wa mafuta ya breki unaoisukuma klachi, na huko ndiko ningeanzia.

Kazi ya klachi ni kuitenganisha kabisa injini na giaboksi kwa ule muda mfupi ambao gia inabadilishwa. Isipotenganisha kikamilifu, yaani ikiburuza, shafti ya mbele ya giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini pamoja na gia zote zinazoshikana nayo, wakati shafti ya nyuma imesimama kwa sababu matairi yamesimama. Ringi ya sinkromeshi inajaribu kulinganisha mwendo wa pande hizo mbili, lakini injini inaushinda msuguano wake, na kwa kuwa ringi imeundwa kuzuia gia isiingie mpaka mwendo ulingane, wewe unahisi kama umesukuma ukuta. Rivasi ya giaboksi nyingi za umri huo haina ringi ya namna hiyo, ndiyo maana yenyewe haizuiliki bali inakwaruza.

Fanya majaribio haya kwenye eneo tambarare, handibreki ikiwa imevutwa na matairi yamewekewa kabari za mbao mbele na nyuma, na pasiwe na mtu amesimama mbele ya gari. Klachi inayoburuza inaweza kulirusha gari mara tu gia inapoingia.

Kwanza, zima injini kabisa, kanyaga klachi, uzipitie gia zote. Wakati mwingine gia moja itakataa kwa sababu meno yamekutana uso kwa uso; hilo si kosa, rudi frii, achia klachi, kanyaga tena na ujaribu upya. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwashwa, tatizo liko kwenye klachi. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, tutazungumzia kebo, bushi na foki za ndani zinazosogeza gia.

Pili, washa injini, iache kwenye sailensa (ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta), kanyaga pedali hadi mwisho na uishikilie bila kuipampu. Hesabu polepole hadi kumi, kisha ingiza rivasi taratibu. Muda huo unatosha shafti ya mbele kusimama yenyewe kama kweli imeachwa huru. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, kuna kitu kinaendelea kuizungusha.

Tatu, mtu mmoja akae kwenye pedali, mwingine aangalie fimbo ya silinda ya chini inayosukuma foki ya klachi, injini ikiwa imezimwa. Pedali ikanyagwe na kushikiliwa hapo hapo kwa dakika nzima. Fimbo ikitoka vizuri halafu ikaanza kurudi polepole wakati mguu haujanyanyuka, mafuta yanapenya mahali fulani. Ikitoka kidogo tu tangu mwanzo, angalia upepo kwenye mfumo au marekebisho mabovu ya pedali.

Mekanika, Nakuru:

Naunga mkono. Hapa kwetu lori nyingi hufungwa klachi mpya nzima, na shida inabaki vilevile kwa sababu iliyokuwa imechoka ni raba ndogo ya ndani ya masta (silinda ya juu inayosukumwa na pedali) ambayo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya klachi.

Nitaongeza la kuangalia mapema: mpira unaopeleka mafuta kwenye silinda ya chini. Mpira uliozeeka unaweza kutanuka kila pedali inapokanyagwa, na nguvu ambayo ingesukuma foki inaishia kuupanua mpira. Mtu mmoja akanyage, wewe uushike kwa mkono. Ukihisi unavimba, ubadilishe. Huo mpira pia huziba kwa ndani, na dalili yake ni kinyume: klachi inachelewa kurudi na kuanza kuteleza.

Mleta uzi, Njombe:

Ninawashukuru. Nimefanya majaribio yote matatu nikiwa na kijana wangu. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia bila shida, ila namba mbili ina uzito kidogo kuliko nyingine. Injini ikiwa inanguruma, rivasi inakwaruza hata baada ya kusubiri. Fimbo ya silinda ya chini inatoka, kisha inarudi polepole mguu ukiwa bado umekanyaga. Nje ya silinda zote mbili hakuna unyevu wowote wa mafuta, na kikopo cha juu hakipungui. Je, mafuta yanapenyaje bila kuvuja?

Fundi, Mafinga:

Hapo umeshapata jibu, kaka. Masta inavujia ndani. Raba iliyo kwenye pistoni imelika au ukuta wa silinda umepata mikwaruzo, hivyo mafuta yanayosukumwa mbele yanapita pembeni ya raba na kurudi upande wa kikopo. Hakuna tone linalodondoka nje, na kikopo hakipungui, kwa sababu mafuta hayajaenda popote. Ingekuwa silinda ya chini ndiyo mbovu, ungekuta unyevu ndani ya kifuniko chake cha raba. Kivute ukichungulie kabla ya kuamua.

Ukinunua seti ya raba peke yake, fungua masta kwanza na upitishe kidole ndani. Ukuta ukiwa na kutu au mistari inayokwama kwenye ukucha, raba mpya haitadumu. Nunua masta nzima. Ninapendelea pia kubadilisha raba za silinda ya chini siku hiyo hiyo, kwa sababu masta mpya inaleta nguvu ambayo raba kuukuu za chini zilikuwa hazijaionja kwa muda mrefu.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Nimeona watu wakiongeza haidroliki au oili ya injini kwa dharura njiani. Mafuta hayo ya petroli huvimbisha raba za aina hii mpaka pistoni ishindwe kurudi, na ukishafika hapo unabadilisha kila chenye raba kwenye mfumo mzima. Kumbuka pia kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 mpya ni nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. Lori ambalo klachi yake ni nzuri asubuhi lakini gia zinaanza kugoma likishapata moto kwenye mlima, mara nyingine lina mafuta ya miaka mingi ambayo hayajawahi kubadilishwa.

Baada ya kufunga, toa upepo kwa kuanzia kwenye nipeli ya silinda ya chini, huku kikopo kikiongezwa kisikauke. Kisha angalia fimbo iliyo kati ya pedali na pistoni ya masta. Lazima iwe na mchezo mdogo kabla haijagusa pistoni. Fundi anayeiondoa nafasi hiyo ili pedali "ikamate juu" anaizuia pistoni isirudi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na klachi inakaa imekanyagwa nusu muda wote. Diski ya klachi itaungua na beringi ya klachi italia, kisha lawama zitakwenda kwa spea.

Mekanika, Nakuru:

Kwa manufaa ya watakaosoma uzi huu wakiwa na fimbo inayotoka vizuri na isiyorudi, lakini klachi bado inaburuza: hapo ugonjwa umehamia ndani ya kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi), na kushusha hakuepukiki. Ila ukishusha, ujue unatafuta nini.

Anza na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa), ile inayoshika ncha ya shafti ya mbele. Ikikauka grisi na kukwama, inaizungusha shafti pamoja na injini hata klachi ikiwa imeachia kabisa. Ni spea ya bei ndogo, na wengi huirudisha bila kuigusa. Kisha angalia diski: je, inateleza kwa uhuru kwenye meno ya shafti, au ina kutu na vumbi linaloifanya ikwame mahali ilipo? Je, imepinda? Je, ina oili iliyotoka kwenye sili ya nyuma ya injini, ikaifanya inate kwenye flaiwili? Je, ilifungwa upande sahihi? Diski iliyogeuzwa, kitovu chake kikagusa boliti za flaiwili, haitaachia hata ufanye nini na masta.

Angalia pia foki ya klachi na kitufe inachoegemea. Kitufe kikilika kwa milimita chache, foki inapoteza mwendo, na hasara hiyo inakuwa kubwa zaidi kwenye beringi. Na kama flaiwili imekwisha kuchongwa kwa fundi mashine zaidi ya mara moja, presha pleti (bamba linaloibana diski) imesogea mbali na foki, kwa hiyo mwendo uleule wa pedali hauifikishi inapotakiwa.

Dereva, Iringa:

Wakuu, mnachosema ni sahihi, lakini mimi nimeendesha Canter nyingi zilizochoka, na nyingine ziliponywa kwa kubadilisha oili ya giaboksi tu. Tulikuwa tunaweka oili nzito ya 140, kelele zinapungua na gari linakuwa tulivu. Mleta uzi angeanza na hilo kwa kuwa ni rahisi.

Fundi, Mafinga:

Mzee wangu, kwa heshima yote, kwa gari la Njombe siwezi kuafiki 140. Kelele inapungua kwa sababu oili nzito inajaza nafasi kati ya meno na beringi zilizolika. Inaficha sauti ya ugonjwa tu. Upande wa gia, ringi ya brasi ina mifereji myembamba ambayo kazi yake ni kukata utando wa oili ili brasi iishike koni ya gia. Oili ikiwa nzito kama asali, hasa asubuhi ya Juni au Julai huku kwetu nyanda za juu, ringi haiukati utando huo kwa wakati, na gia inagoma mpaka giaboksi ipate moto. Mtu akiniambia gia zake ni ngumu kwa kilomita chache za kwanza halafu zinalainika siku nzima, swali langu la kwanza ni oili gani imo ndani.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Kwenye kopo kuna maandishi ya GL-4 au GL-5. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, ambako meno yanasuguana kwa mgandamizo mkubwa, kwa hiyo ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Baadhi ya oili hizo hushambulia metali za jamii ya shaba zikipata joto, na utelezi wake unaweza kuzinyima ringi msuguano zinaouhitaji. Pale mtengenezaji alipotaja GL-4, weka GL-4, hata kama muuzaji anasema namba kubwa ndiyo bora. Pia si kila giaboksi hutumia oili ya gia: baadhi ya Isuzu za zamani, zikiwemo pikapu, ziliagizwa kutumia oili ya injini, na ukiweka 90 nzito humo unajitengenezea ugumu ambao haukuwepo.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja: kuimwaga oili ni kipimo kizuri. Imwage ikiwa ya moto, kwenye karai safi, uiangalie juani. Vumbi laini la rangi ya dhahabu linalong'aa linaonyesha ringi zinalika; kiasi kidogo kwa gari la umri huu si cha kukutisha, lakini likiwa jingi kama rangi ya kupulizia, anza kujiandaa. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho au vilivyoganda kwenye sumaku ya nati ya chini ni meno au beringi, na gari hilo lisipakiwe mzigo. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kupitia kipumulio cha juu baada ya gari kuvuka mto au dimbwi refu, na kutu inayofuata hukwamisha reli za foki.

Dereva wa masafa, Tunduma:

Ninaomba niweke neno kwa wenye malori makubwa, kwa sababu uzi huu utasomwa na wengi. Ukihama kutoka Canter au Scania ya zamani ukapewa Freightliner au International yenye giaboksi ya Fuller, usidhani imeharibika kwa kuwa gia zinagoma. Giaboksi hizo kwa sehemu kubwa hazina sinkromeshi kwenye gia kuu; dereva ndiye anayelinganisha mwendo, kwa kukanyaga klachi, kutoa gia hadi frii, kuachia, kurekebisha mwendo wa injini, kukanyaga tena na kuingiza. Tena, pedali hukanyagwa nusu tu wakati gari linatembea. Sehemu ya mwisho karibu na sakafu, takriban milimita 25, ni ya breki ya klachi, ambayo huisimamisha shafti ya mbele ili gia ya kuanzia iingie gari likiwa limesimama. Anayeikanyaga hadi sakafuni kwenye kila gia anaila breki hiyo, na ikiisha ndipo rivasi na namba moja zinaanza kukwaruza, kama za Canter ya mleta uzi ingawa chanzo ni kingine.

Na kwa lori lolote, kubwa au dogo, ambalo gia zake zimeanza kugoma: usishuke mlima Kitonga nalo ukiwa na mzigo kabla hujalitengeneza. Dereva anayejaribu kurudisha gia katikati ya mteremko, gia ikakataa, anabaki frii, na kuanzia hapo anategemea breki peke yake. Gia ya kushukia iingizwe juu kabla mteremko haujaanza, na isibadilishwe mpaka chini.

Mleta uzi, Njombe:

Ninaleta mrejesho. Masta imebadilishwa pamoja na raba za silinda ya chini, mafuta ya zamani yametolewa yote, na upepo umetolewa. Fimbo ya chini sasa inatoka zaidi na inabaki ilipo mguu ukiwa kwenye pedali. Namba moja inaingia, na rivasi haikwaruzi nikisubiri kidogo. Oili ya giaboksi niliimwaga. Ilikuwa nyeusi, nzito sana, yenye mng'ao mdogo wa dhahabu, bila vipande. Nimeweka 80W-90 ya GL-4.

Kilichobaki ni namba mbili. Kupanda kutoka moja kwenda mbili ni afadhali kuliko mwanzo, lakini kurudi kutoka tatu kwenda mbili bado inanigomea, na mara nyingine inakwaruza.

Fundi, Mafinga:

Vizuri. Sasa tumebakiwa na gia moja, na kwa gia moja huwezi kulaumu klachi wala oili, kwa sababu hizo zingezigusa zote. Kuna mawili ya kutenganisha.

Canter hii inabadilisha gia kwa kebo mbili zinazotoka kwenye kabini hadi giaboksi. Moja inachagua njia, nyingine inaingiza. Zitenge kebo zote mbili upande wa giaboksi, injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha mikono ya giaboksi kwa mkono wako na uingize gia zote. Namba mbili ikiingia kwa wepisi sawa na nyingine, ule uzito kidogo ulioupata mwanzo, injini ikiwa imezimwa, unatoka kwenye kebo: labda ganda limepasuka na kuingiza maji, labda imepinda sana mahali, au bushi za ncha zimelika mpaka mkono haufiki mwisho wa safari yake. Angalia pia mauntingi za injini na giaboksi, kwa sababu zikikatika, giaboksi inahama lakini kebo hazijui.

Kukwaruza wakati wa kurudi kutoka tatu, hata hivyo, kunaielekeza akili kwenye ringi ya namba mbili. Ukirudisha gia, ringi inatakiwa kuiharakisha shafti ya mbele badala ya kuipunguza, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi inayofanya. Kwa hiyo ringi iliyolika hujionyesha hapo mapema. Jipime hivi: ukiwa kwenye mwendo wa chini na barabara tupu, toa tatu, achia klachi ukiwa frii, gusa mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena na uingize mbili. Ikiingia kama kisu kwenye siagi, foki na reli ni nzima, na kilichochoka ni ringi peke yake. Ikigoma hata hivyo, shuku foki iliyopinda au kola (pete inayosogezwa na foki kuingiza gia) iliyolika.

Ikiwa ni ringi, sioni haraka ya kushusha giaboksi leo. Unaweza kuendesha kwa dabo klachi, yaani kukanyaga mara mbili kama nilivyoeleza, mpaka msimu wa viazi upite, mradi usiilazimishe, kwa sababu kila mkwaruzo unakata ncha za meno ya gia yenyewe, na gia ni ghali kuliko ringi. Siku ya kuifungua, fundi asibandike ringi mpya kwenye koni ya zamani bila kupima. Ringi ibanwe kwa vidole juu ya koni yake, na nafasi kati yake na meno ya gia ipimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kuzunguka pande zote, ikilinganishwa na kipimo cha kitabu cha giaboksi husika. Ringi mpya ikionyesha nafasi ndogo, koni ndiyo iliyolika, na gia hiyo ibadilishwe pamoja nayo. Na giaboksi ikiwa chini, beringi ya flaiwili, beringi ya klachi na sili ya shafti ya mbele zibadilishwe zote, kwa kuwa gharama kubwa ya kazi hiyo ni kushusha na kupandisha.

Mleta uzi, Njombe:

Nimetenga kebo kama ulivyoelekeza. Kwa mkono, namba mbili inaingia sawa na nyingine zote. Kebo ya kuingizia ina ganda lililopasuka karibu na ekzosi, na waya wake unakwama ukiuvuta. Barabarani, kwa dabo klachi, mbili inaingia bila kelele. Je, nibadilishe kebo kwanza?

Fundi, Mafinga:

Badilisha kebo kwanza, na hiyo mpya ifungwe mbali na ekzosi kwa klipu yake ya asili. Ikishafungwa, rekebisha urefu wa ncha gari likiwa frii, ili gia inapoingia mkono wa giaboksi ufike mwisho kabla ya liva kugonga kwenye kabini. Kisha endesha wiki chache bila dabo klachi. Mkwaruzo wa tatu kwenda mbili ukibaki, ringi ndiyo hiyo, na utashusha giaboksi ukiwa unajua unakwenda kununua nini.

Jambo moja la kuhakikisha ukiwa chini ya gari: fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni, gari likiwa tambarare. Oili ifike kwenye mdomo wa tundu hilo na kuanza kuchuruzika. Isipofika, ongeza, ikimwagika kwa wingi, iache imwagike mpaka ikome ndipo ufunge.